Tazama mikono yake kwanza

Ukitoka Majengo usiku kuelekea Nkuhungu, hapa Dodoma, na mtu anakufuata, usiishie kumtazama usoni. Tazama mikono. Mkono uliofichwa nyuma ya paja au ndani ya koti unatisha kuliko matusi. Vuka barabara, naye akivuka, ingia penye taa na watu, hata kwa muuza chipsi, upige 112. Akitaka simu, mpe, simu inanunuliwa. Akikushambulia, jitetee upate mwanya wa kukimbia. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 18, inakulinda, ila kwa nguvu inayolingana na hatari. Akishaanguka au kukimbia, mwache. Na jamani, piga kelele za “nisaidieni!”, siyo “mwizi!”. Umati ukija na mawe hauulizi maswali.