"Umekula?": namna ya kupita zamu za mlipuko ukiwa bado mwanafunzi wa uuguzi

Neno nililoambiwa mara nyingi kuliko yote mwaka ule ni "jikaze". Mkufunzi aliniambia jikaze. Mama kwenye simu akasema jikaze mwanangu. Hata mgonjwa, mrija wa oksijeni ukiwa puani, aliona machozi yananilenga akanong'ona, "Jikaze, nesi." Basi nikajikaza. Wiki ya tatu nilisimama mbele ya kabati la dawa nikasahau nilichofuata, nikabaki nimeshikilia mlango wa kabati mpaka sista wa zamu akaja kunitoa pale kwa mkono.

Nilianza stashahada ya uuguzi na ukunga mwishoni mwa 2019. Machi 2020 vyuo vikafungwa, tarehe 1 Juni tukarudi, na Februari 2021, nikiwa mwaka wa pili, nikapangiwa wodi ya wanaume katika hospitali ambayo sitaitaja. Waliokuwa Tanzania wakati ule wanakumbuka kwamba korona haikuitwa kwa jina lake. Kwenye ripoti ya asubuhi tulisema "changamoto ya upumuaji". Kitanda cha kwanza changamoto ya upumuaji, cha pili changamoto ya upumuaji, na sisi wa miaka ishirini na kitu tunasukuma mitungi ya oksijeni mirefu kutuzidi.

Nayaandika haya kwa sababu ya mdogo wangu. Machi 2023, ugonjwa wa Marburg, wa virusi vinavyofanana na vya Ebola, ulipotangazwa Kagera, yeye alikuwa na miezi michache tu katika chuo cha uuguzi. Akanipigia saa sita usiku: "Dada, wewe ulifanyaje?" Nikamwambia ajikaze. Niliona aibu hata kabla simu haijakatika. Haya yanayofuata ndiyo niliyopaswa kumwambia usiku ule.

Anza na barakoa

Tulikuwa wanafunzi tisa kwenye wodi ile. Chuo kilisema vifaa kinga vitatoka hospitali, hospitali ikasema wanafunzi ni wa chuo. Barakoa ya kuvaa zamu moja tuliivaa tatu, tunaihifadhi kwenye bahasha ya kaki kama cheti cha kuzaliwa. Katikati ya hali hiyo tukaletewa semina ya afya ya akili. Kijana mmoja nadhifu akatufundisha kuvuta pumzi na kuwazia ufukwe. Mwenzangu wa chumbani akanyoosha mkono: "Samahani mwalimu, hiyo pumzi naivuta kupitia barakoa ipi?"

Ukumbi mzima ulicheka, lakini lile lilikuwa swali zito. Ukiwa unaogopa kwa sababu huna kinga, woga wako hauna kasoro, unakuambia ukweli. Usiupigie dua wala usiufanyie mazoezi ya kupumua kabla hujajaribu kuondoa chanzo chake.

Namna tulivyofanya ni hii. Kwa wiki moja tuliandika kila siku: wodi, zamu, wanafunzi wangapi, barakoa ngapi zimetolewa. Hatukuandika "tunanyanyaswa". Tuliandika namba na tarehe. Kisha kiongozi wa darasa na wengine wawili wakaenda kwa mkufunzi wa mazoezi kwa vitendo, nakala wakaipeleka kwa muuguzi mkuu. Usiende peke yako, maana utaonekana mkorofi. Wala msiende darasa zima, maana mtaonekana mmegoma. Watatu wanatosha. Hatukupata vyote tulivyoomba. Tulipata boksi moja kwa wiki, na jambo lililokuwa kubwa kuliko boksi: ruhusa ya kukataa kuingia chumba cha waliotengwa kama vifaa havijakamilika. Ruhusa ile ilinilaza usingizi kuliko ufukwe wowote.

Pumzi zenyewe zifanyie kwenye sinki

Simdharau yule kijana. Alichofundisha kinafanya kazi. Tatizo lake ni kwamba wodini hakuna mahali pa kufumba macho. Mahali pekee ambapo unaweza kusimama nusu dakika bila mtu kukuita mvivu ni kwenye sinki la kunawia. Kunawa mikono vizuri kwa sabuni ni sekunde 40 hadi 60, na mgonjwa baada ya mgonjwa utanawa tu. Humo ndimo uziweke pumzi zako: vuta kwa pua ukihesabu nne, toa taratibu ukihesabu sita. Pumzi nne au tano zinaingia kwenye mnawo mmoja. Ile ya kutoa iwe ndefu kuliko ya kuvuta, kwa sababu ndiyo inayotuliza mapigo ya moyo. Kwa zamu moja nilikuwa nafanya hivyo mara kumi na tano bila mtu kujua, na mikono ikabaki safi.

Mgonjwa wako wa kwanza kufa

Hapa nitakaa kidogo, maana vitabu vyetu vilipita haraka.

Wangu alikuwa mzee wa kitanda cha pembeni. Nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike. Kipimo cha kidoleni, kile cha oksijeni kwenye damu, kilisoma asilimia 84 asubuhi, 79 mchana. Tulimlaza kifudifudi ili mapafu yapate nafasi, naye akalalamika kwamba tunamlaza kama mtoto mchanga. Akaniomba chaja ampigie binti yake. Nikamwambia, "Nikitoka chai, baba, nakuletea." Niliporudi na chaja mkononi, pazia lilikuwa limeshavutwa.

Kwa siku nyingi sikuwaza kifo chake. Niliwaza chaja. Nilikula chakula nikiiona, nikaota naichomeka ukutani haiingii. Watu waliniambia kazi ya Mungu haina makosa, na mimi ni muumini, lakini sentensi ile ilinifunga mdomo badala ya kunifariji.

Aliyenisaidia ni yule sista wa zamu. Alinipeleka stoo, tukakaa juu ya maboksi ya dripu, akaniuliza mambo matatu. Ulimfanyia nini? Kipi hakikuwa mikononi mwako? Kesho utafanya nini tofauti? Akanitaka niyajibu kwa kalamu, nyuma ya daftari langu. Nikaandika: nilimgeuza, nilimpa maji kwa kijiko, nilipima kila saa, nilimwita baba. Mapafu yake na mtungi uliokuwa ukikaribia kuisha havikuwa mikononi mwangu. Kesho, nikiahidi chaja, naleta chaja kwanza, chai baadaye.

Jibu la tatu ni dogo hadi linachekesha, lakini ndilo lililoniondoa pale ukutani. Lile donge lisilo na umbo likawa kitu ninachoweza kukifanya. Mpaka leo kwenye mkoba wangu wa kazini kuna chaja.

Basi fanya hivyo siku ileile, kabla hujalala. Mistari kumi inatosha. Usiandike jina la mgonjwa. Kama ni mara yako ya kwanza kuandaa mwili wa marehemu, sema wazi kwamba hujawahi na omba mtu wa kufanya naye. Hakuna alama utakayopunguziwa. Na kama wodini kwenu hakuna sista wa aina ile, mtafute wodi nyingine. Dalili yake ni rahisi: angalia nani anawasalimia wafanya usafi kwa majina yao.

Msiache utani

Mimi Mpare, mwenzangu wa chumbani Mchaga, na makabila haya ni watani tangu enzi: sisi tunataniwa kwa kupenda kesi, wao kwa kupenda biashara. Wakati wengine hosteli nzima walikuwa wakisomeana ujumbe wa misiba, yeye alikuwa akinitangazia kwamba korona ikinigusa nitaifungulia kesi mahakama ya mwanzo, na nitakata rufaa. Mimi nikimwambia asilale, barakoa zimepanda bei, atakosa biashara. Kwetu mtani ana ruhusa ya kuchekesha hata msibani, tena ndiyo kazi yake. Sijui kwa nini kwenye mafunzo ya ustahimilivu hakuna anayeutaja utani. Mipaka yake ni miwili tu: hautaniwi ugonjwa wa mtu aliye kitandani, na hataniwi mwenzako ambaye leo amefiwa na mgonjwa, mpaka aanze mwenyewe.

Nywila yenu ya watu wawili

"Uko poa?" ni swali bovu, kwa sababu jibu lake ni "poa" hata nyumba ikiungua. Mimi na mwenzangu tulipangiwa wodi tofauti na zamu tofauti, kwa hiyo tukakubaliana swali jingine. Saa tatu usiku, popote tulipo, mmoja anaandika: "Umekula?" Ukijibu "nimekula", maana yake leo nimeimudu. Ukijibu "sijala", maana yake nipigie ukipata nafasi, na ukinipigia usinishauri, nisikilize. Hata mtu akichungulia simu yako haoni kitu. Anaona wanafunzi wawili wanaongelea ugali.

Chagua mtu mmoja. Kundi la WhatsApp la watu mia na ishirini haliwezi kazi hii. Na mpange kabla mambo hayajawa mabaya, kwa sababu siku yakiwa mabaya hutakuwa na nguvu ya kueleza unataka nini.

Simu, usingizi, tumbo

Haya nayapitia haraka. Makundi ya simu yafungue mara mbili kwa siku, na sauti za dakika saba kutoka kwa "daktari mmoja wa nje" usizifungue kabisa. Ukiwa zamu ya usiku, chai ya rangi iishie saa nane usiku. Ukitoka, dirisha lizibe kwa kanga, simu iweke mbali kiasi kwamba lazima uinuke kuifuata. Hosteli yetu tulilala sita chumba kimoja. Tulibandika mlangoni karatasi ya nani yuko naiti, na anayepiga muziki ananunua chapati za chumba kizima. Kula kabla ya zamu, hata kama ni kiporo cha makande. Njaa na woga vinafanana sana ukiwa ndani ya gauni la plastiki.

Mtaani na nyumbani

Bodaboda aliyenizoea aliniona na sare akaniambia leo hapakii. Mama ntilie akaniomba nikae benchi la nje. Iliniuma kuliko nilivyotarajia. Suluhisho langu lilikuwa la kivitendo: sare inavaliwa na kuvuliwa hospitalini, inafungwa kwenye mfuko wake, na barabarani mimi ni binti tu mwenye kitenge. Hata kwa kuzuia maambukizi ndivyo inavyotakiwa, kwa hiyo sikujiona najificha.

Mama alitaka nirudi nyumbani. Nilikosea mwanzoni kwa kumficha kila kitu. Akawa anajaza mapengo kwa kusikia redioni na kwa majirani. Baadaye tukapanga siku mbili za kupiga simu, Jumatano na Jumapili, na kila mara namwambia jambo moja gumu la kweli na jambo moja zuri la kweli. Kuhusu nyungu sikubishana naye. Nilimwomba tu asijiunguze na mvuke, na akienda sokoni avae barakoa.

Haya yote yasipotosha

Darasani kwetu kulikuwa na picha ya Florence Nightingale ameshika taa. Mwaka 2020, miaka 200 tangu azaliwe, Shirika la Afya Duniani liliufanya kuwa mwaka wa wauguzi na wakunga, nasi tukahimizwa tuwe kama yeye. Hakuna aliyetuambia kwamba aliporudi kutoka vita vya Crimea aliugua kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya kazi zake aliifanyia chumbani kwake.

Kwa hiyo jipime. Kama kwa wiki mbili mfululizo hulali, au unalala tu. Chakula hakina ladha. Unalia bila sababu au huwezi kulia kabisa. Umeanza kukosea dawa. Ulichokuwa unakipenda hukitamani: nenda kwenye kitengo cha afya ya akili, jinsi ambavyo ungeenda kupima malaria. Mimi nilienda wiki ile ya kabati la dawa. Nilichelewa kwa sababu niliogopa kuonwa na watu wa wodini. Kama unaogopa hivyo, nenda kituo kingine, panda daladala. Mlezi wa wanafunzi anaweza kukuandikia barua ya ruhusa bila kutaja ugonjwa. Mimi aliniandikia "matibabu" tu.

Na kama umeanza kuwaza kwamba ni bora usiwepo, usisubiri wiki mbili. Ni siku hiyohiyo. Mwambie mtu aliye karibu kwa maneno hayohayo bila kuyapamba, mwambie asikuache peke yako, mwende pamoja. Usiku pia hospitali iko wazi. Sisi wenyewe ndio tunaokesha humo.

Mwenzangu sasa yuko Mwanza, mimi niko zahanati moja huku milimani. Hakuna mlipuko, wodi hatuna, vitanda vyetu ni viwili vya mapumziko. Juzi saa tatu usiku simu ikalia: "Umekula?" Nilikuwa nimeshiba wali maharage mpaka nimelegeza kanga. Nikamjibu, "Sijala."