Somo: Tengeneza triga ndogo kwa mirija miwili ya Geiger, kisha ichunge

Pale CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, mafungu ya protoni hupishana hadi mara milioni 40 kwa sekunde. Hakuna diski ya kubeba yote hayo. Elektroniki za triga, yaani mfumo unaoamua tukio lipi lihifadhiwe na lipi litupwe, hupepeta: ngazi ya kwanza ya ATLAS na CMS, vigunduzi viwili vikubwa vya huko, huamua ndani ya mikrosekunde chache, ikipitisha matukio yapatayo 100,000 kwa sekunde. Kilichopeperuka na pumba hakirudi, ndiyo maana triga huangaliwa usiku na mchana.

Kanuni hiyo nimeijaribu mezani kwangu hapa Dodoma.

Hatua ya 1. Laza mrija mmoja wa Geiger (hutoa mpigo wa umeme chembe ya mnururisho ikipita ndani yake) juu ya mwingine, ukiiachanisha kwa sentimita 3. Yangu hutumia volti 400, kwa hiyo zima umeme na usubiri kapasita iishiwe chaji kabla hujagusa waya.

Hatua ya 2. Unganisha saketi inayojibu pale tu mirija yote miwili inapopiga ndani ya mikrosekunde 100. Hapo utanasa myuoni, chembe zinazotoka angani na kupenya mirija yote miwili.

Hatua ya 3, usiiruke. Hesabu mipigo ya kila mrija peke yake, siyo ya pamoja tu. Yangu hupiga kama 20 kwa dakika kila mmoja. Agosti, upepo ulipochachamaa, vumbi liliingia kwenye soketi ya mrija wa chini. Cheche ndogondogo zikapandisha hesabu yake hadi 90. Hesabu ya pamoja haikutikisika! Ningeitazama hiyo peke yake nisingejua lolote. Nilipangusa soketi kwa brashi laini na spiriti, ikarudi 21.

MASWALI

Mwanachama, Kondoa: Mwalimu, mirija ikipiga pamoja kwa bahati tu?

Jibu: Zidisha 2 × 0.0001 × 1/3 × 1/3: 0.0001 ni zile mikrosekunde 100 kwa sekunde, na 1/3 ni mipigo ya kila mrija kwa sekunde (20 kwa dakika). Ni kama mara mbili kwa siku nzima. Hakikisha kwa kuitenganisha, kila mmoja pembe yake ya meza.

Mwanachama, Manyoni: Na CERN huangalia kila kipande hivyo?

Jibu: Ndiyo ndugu yangu. Kasi ya mipigo ya kila njia ya kusomea ishara, volti, joto la bodi. Kipande kikianza kupiga ovyo hufungiwa, kisije kikajaza njia nzima.

Mwanachama, Mpwapwa: Shikamoo mwalimu. Huku kwetu umeme hukatika sana, nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Tumia betri ya volti 12, na andika daftarini saa ulipokatika na uliporudi. Dakika ambazo triga ililala usiziingize kwenye wastani.