Gitaa la klasiki la bei poa kwa mazoezi na safari: cheki haya kabla hujalipa

Kwanza hakikisha ni klasiki kweli, yaani nyuzi za nailoni, shingo pana (kule juu karibu na vigingi vya kukazia nyuzi huwa kama milimita 52) na shingo inakutana na bodi (lile boksi la gitaa) kwenye freti ya 12, freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo. Na usije ukalifunga nyuzi za chuma hata mtu akikuapia litalia kwa nguvu zaidi, nailoni sita kwa pamoja zinavuta kama kilo 40 hivi, za chuma zinakaribia mara mbili ya hapo, daraja, kile kipande kwenye uso kinachoshika nyuzi, linang'oka.

Sasa mbao. Wengi watakwambia tafuta uso (ubao wa mbele) wa mbao nzima, sprusi au mwerezi, sio plaiwudi, na kwa sauti wako sahihi kabisa. Ila kwa gitaa la kuzunguka nalo mimi nasema chukua plaiwudi bila wasiwasi, maana mbao nzima inataka unyevu wa hewa uwe kama asilimia 45 hadi 55, ukihama hama kutoka sehemu kavu kwenda yenye unyevu inavimba, inasinyaa, mwisho inapasuka, plaiwudi inavumilia sana hayo. Yamaha C40 kwa mfano uso wake ni plaiwudi na nyuzi zina urefu wa kawaida wa milimita 650, linatosha kabisa kujifunzia.

Hapa ndo usiwe na haraka: wepesi wa kubonyeza. Pima nafasi kati ya uzi na freti ya 12, uzi mwembamba iwe kama milimita 3, mnene kama 4, ikizidi sana hapo vidole vitauma na mazoezi utayakimbia. Alafu piga kila uzi freti kwa freti, polepole, sikiliza kama kuna sehemu inakwaruza. Washa tyuna ya simu, piga uzi wazi, yaani bila kuubonyeza, kisha bonyeza freti ya 12, inatakiwa iwe noti ileile ila oktavu moja juu, yaani jina lilelile kwa sauti nyembamba zaidi, kama inapotea sana achana nalo, hilo hutalituni milele. Weka jicho kule kichwani pa gitaa, kwenye vigingi, uangalie shingo kama imenyooka, maana klasiki nyingi za bei ya chini hazina chuma cha kurekebishia ndani ya shingo, ikishapinda fundi atakula hela kuliko gitaa lenyewe. La mitumba ongeza kukagua nyuma ya daraja, kama linaanza kuachia au uso umevimba pale, liache.

Saizi: kama unaweza kubeba kubwa, beba kubwa. Ya robo tatu ni nyepesi ila vidole vinazoea nafasi fupi, ukirudi kwenye kubwa unaanza kutafuta upya. Vile vidogo kabisa kama Yamaha GL1 vinatuniwa juu zaidi, kutoka noti ya A kwenye uzi mnene hadi A kwenye mwembamba, ni vizuri kwa kuweka vidole moto njiani lakini visiwe gitaa lako pekee.

Ukishanunua tafuta begi lenye sponji nene, usiliache kwenye gari juani, ukisafiri legeza nyuzi kidogo, na beba uzi wa nne wa akiba (hesabu kuanzia mwembamba), ule wa noti ya D ndo huwa unakatika wa kwanza.