SOMO: Kutunga sheria na dunia ya mchezo wa mezani mkiwa kikundi (soma yote ndo uulize)

Wakuu salaam. Swali la "mnaanzaje kutunga mchezo wenu" limenichosha, inbox yangu imejaa hilo tu, kwahiyo naliandika hapa mara moja na atakayeniuliza tena namtumia linki.

Kwa wageni: naongelea michezo ile ya kuigiza wahusika, mmoja anakuwa msimulizi, wengine kila mtu na mhusika wake, mnapiga story na pale penye mashaka mnarusha dadu. Dungeons & Dragons ilipotoka Marekani mwaka 1974 watu walianza kuichokonoa sheria zake na hawajaacha mpaka leo, na sisi ni walewale.

HATUA YA 1. Chukueni mfumo ambao tayari upo, msianze na karatasi nyeupe. Sisi tunatumia ule wa Apocalypse World wa 2010 kwasababu unataka dadu mbili za pande sita tu, na dadu za Ludo kila duka zipo. Unarusha mbili, unajumlisha, unaongeza alama ya mhusika wako. 10 kwenda juu umefanikiwa, 7 hadi 9 umefanikiwa ila kuna gharama, 6 kushuka chini msimulizi anakuharibia siku.

HATUA YA 2. Faili moja, mwenye ruhusa ya kubadilisha mmoja. Wengine wanaweka maoni pembeni. Tarehe ya toleo juu kabisa. WhatsApp ni ya kubishana, sheria iliyobaki WhatsApp haipo.

HATUA YA 3. Kabla ya kuandika sheria andika tatizo. "Mezani kunatokea hivi na hatupendi kwasababu hii." Huna tatizo, huna sheria.

HATUA YA 4. Mipaka. Kila mtu aseme mapema kitu gani hataki kukiona mezani, kinaandikwa juu ya faili, hakijadiliwi.

HATUA YA 5. Dunia yenu iwe ndogo. Ya kwetu ni Kilwa Kisiwani mwaka 1331, mwaka aliopita hapo yule msafiri Ibn Battuta. Sultani ni al-Hasan bin Sulaiman, kuna jumba la Husuni Kubwa lenye bwawa la pembe nane, kuna sarafu za shaba za hapohapo, kuna dhahabu inayopanda kutoka Sofala, huko Msumbiji. Hayo yote mazuri lakini ukiandika kurasa za nasaba ya masultani hakuna mtu atakayezisoma akiwa na dadu mkononi. Kitu kilichoibeba dunia yetu ni upepo. Kaskazi, kama Desemba hadi Machi, inaleta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, halafu kusi kuanzia Aprili inavirudisha. Tumeweka kalenda mezani, kila kikao wiki zinasogea, na mfanyabiashara ambaye mzigo wake haujakamilika upepo ukishaisha anabaki Kilwa mpaka msimu mwingine, apende asipende. Humo mna madeni, mna ndoa za haraka, mna ugomvi wa nyumba ya kupanga, msimulizi hana haja ya kubuni kisa.

Kila mwanakikundi anapewa mtaa mmoja aandike nusu ukurasa: mahali pamoja, mtu mmoja anayetaka kitu, deni moja ambalo halijalipwa. Mkigongana, kilichotokea mezani ndo ukweli, kilichoandikwa kinafuata.

HATUA YA 6. NYONGEZA, yaani zile +1 mnazojumlisha kwenye dadu. Hapa mtulie, maana hapa ndo meza yetu ilitaka kufa.

Watu watatu waliandika sheria tatu kila mtu kwake. Mmoja akasema nahodha mwenye mabaharia wake aliowazoea anapata +1. Mwingine akasema chombo kinachofaa msimu kinapata +1. Wa tatu akasema ukiwa umekula kiapo mbele ya watu unapata +1. Ukizisoma mojamoja ni nzuri kabisa, zina ladha, tukazipitisha zote. Sasa nahodha wetu alikuwa na +1 yake mwenyewe, akazikusanya zote tatu, akawa anarusha na +4. Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka. Hizi hapa hesabu, mpangilio ni mafanikio kamili, kisha yenye gharama, kisha kuharibika:

+0: 6, 15, 15
+1: 10, 16, 10
+2: 15, 15, 6
+3: 21, 12, 3
+4: 26, 9, 1

Umeona hapo chini? Jamaa anaharibikiwa mara moja katika 36. Yeye anarusha dadu, wengine wanachati kwenye simu, kwasababu kila mtu anajua jibu. Na hakuna aliyekosea kwenye sheria yake, ndo maana tulichelewa kuona, kila mwandishi alikuwa anatetea +1 yake na +1 yake kweli haikuwa na shida.

Dawa yetu ni mbili. Moja, jumla haivuki +3 hata ushuke na malaika. Mbili, na hii ndo muhimu, sheria nyingi zilizokuja kama namba tulizigeuza kuwa RUHUSA. Mfano mtepe, kile chombo cha baharini cha zamani. Zamani ulikuwa unatoa +1 karibu na miamba. Sasa hautoi namba yoyote, ila kwakuwa umeshonwa kwa kamba za nazi hauna msumari hata mmoja, ukigusa mchanga au mwamba mbao zinacheza badala ya kupasuka, kwahiyo mwenye mtepe anaruhusiwa kujaribu kupita mahali ambapo wengine hawaruhusiwi hata kurusha dadu. Akiharibikiwa chombo hakizami, kamba zimelegea, watu wanakaa ufukweni kushona huku siku za kaskazi zinaondoka. Raha ni ileile na hesabu haijaguswa.

ONYO: msiingize sheria mbili mpya kikao kimoja. Mchezo ukipooza hamtajua ipi imeuua.
ONYO: "tutarekebisha baadaye" hairekebishwi.

HATUA YA 7. Mpeni faili mtu ambaye hakuandika, aendeshe kikao. Mwandishi akae pembeni mdomo wake ufungwe. Kila anapotaka kusema "hapana nilimaanisha..." hapo pana sentensi mbovu, weka alama.

HATUA YA 8. Kubalianeni leseni, yaani nani anaruhusiwa kutumia na kuuza mlichoandika, kabla hamjagombana. Nimemaliza, maswali.

---

dogo_mtaa_wa_pili: Shukrani mkuu, naomba unirushie pdf

Mwandishi: Hakuna pdf. Ni somo, unasoma.

nyundo_na_msumari: Mimi nina mchezo wangu wa uchawi una madaraja 40 na sheria kama mia na kitu ziko kichwani, natafuta mtu wa kuniandikia tugawane faida

Mwandishi: Hatua ya 3. Tatizo lako la kwanza ni lipi?

nyundo_na_msumari: Sina tatizo mimi

Mwandishi: Basi tumemalizana.

dadu_tatu: Mkuu nimeipenda sana hiyo hatua ya 6. Ila kwanini msingeweka -1 za kusawazisha? Mfano mawimbi makubwa -1, usiku -1, nahodha arudi chini

Mwandishi: Swali zuri hili. Tulilijadili sana. Kwanza -1 nayo inauma kuliko inavyoonekana, mtu asiye na nyongeza akipigwa -1 anakuwa na 3, 12, 21, yaani zaidi ya nusu anaharibikiwa, na atakayeumia ni yule mgeni dhaifu, nahodha wa +4 hata hashtuki. Pili watu wanaanza kufanya hesabu kama wako kwenye mizani ya korosho na story inasimama.

Kama unataka hali ya mambo ihesabike jaribu hivi: mwenye hali nzuri anarusha dadu TATU anachukua mbili kubwa, mwenye hali mbaya anachukua mbili ndogo. Ukichukua kubwa na huna nyongeza, katika kila mia unapata kama 36 mafanikio kamili, 45 yenye gharama, 19 kuharibika. Iko katikati ya +1 na +2, na uzuri wake hairundikani, hali nzuri tatu bado ni dadu tatu. Jina lako naona linakuita kabisa.

dadu_tatu: Hahaha, asante sana. Ijumaa naijaribu

Mwandishi: Peke yake. Usiiweke pamoja na kitu kingine. Leta mrejesho.

mama_wa_mwisho: Sisi tunacheza D&D yenyewe, dadu ya pande 20 tunarusha kwenye simu. Hayo ya nyongeza yanatuhusu? Na tukitunga vyetu tunaruhusiwa kuuza?

Mwandishi: Dada yanawahusu ila polepole zaidi. Kwenye d20 kila +1 ni asilimia 5 zilezile mpaka mfike ukingoni, kwenye dadu mbili +1 ya kwanza peke yake inapunguza kuharibika kutoka 15 hadi 10. Mtachelewa kuona lakini mtafika.

Kuuza: Januari 2023, baada ya watu kuchachamaa kuhusu mpango wa kubadilisha leseni ya zamani, sheria za msingi za mchezo huo zilizo kwenye waraka uitwao SRD 5.1 ziliwekwa chini ya Creative Commons BY 4.0. Mnaweza kutumia, kubadilisha, hata kuuza, mradi mtaje chanzo kwa maneno yaliyoandikwa mlemle ndani. Kilichopo kwenye vitabu vyao na hakipo kwenye SRD msiguse. Halafu wenyewe kwa wenyewe andikeni mapema kila mchango ni wa leseni gani. Mtu akinuna akajitoa, mtaa wake aliouandika unabaki au unaondoka naye? Jibuni mkiwa bado mnapendana.

mzalendo_halisi: Mmeipamba Kilwa, utumwa mmeuficha. Aibu

Mwandishi: Nani kakwambia tumeficha? Ibn Battuta mwenyewe anasimulia yule sultani akimpa fakiri wa Kiyemeni watumwa kama zawadi. Ipo kwenye faili. Meza yetu ilichagua kwenye hatua ya 4 kwamba upo duniani ila hakuna mchezaji anayefanya biashara hiyo. Meza yako chagueni yenu. Soma kwanza ndo utoe aibu.

bi_mkora: Kaka mi mhusika wangu ni mama lishe wa bandarini, anauza ugali na maharage na kachumbari ya pilipili kali. Deni lake ni la mabaharia waliokula wakaondoka na kusi. Inafaa?

Mwandishi: Deni limekaa vizuri mno, usiliguse. Chakula ndo kina shida. Mahindi, maharage hayo, nyanya, pilipili kali, mihogo, vyote asili yake Amerika, na Wareno wenyewe pwani hii wamefika 1498. Mwaka 1331 mpikie wali, mtama, kunde, samaki, nazi, ndizi. Ukali tafuta kwenye tangawizi na pilipili manga.

bi_mkora: Duh kumbe! Ugali wa mtama basi

dadu_tatu: Mogadishu Ibn Battuta alipewa wali wa samli na ndizi zilizopikwa kwa maziwa, mwekee sahani hiyo auze bei juu kwa wageni

Mwandishi: Naiingiza kwenye mtaa wake, nimeandika jina lako pembeni.

fundi_karatasi: Nje ya mada, dadu za Ludo zinaruka mno zinaishia chini ya kabati, nyie mnafanyaje?

bi_mkora: Tandika kanga mikunjo miwili, rushia hapo

Mwandishi: Sisi tunarushia kwenye sinia lenye kitambaa. Ikianguka chini inarushwa upya, na hiyo ndo sheria pekee iliyopita bila ubishi.