Pikipiki ya zamani haiwaki au inazima njiani? Anzia kwenye plagi

Pikipiki ya zamani ikigoma, mara nyingi mwenyewe huja na kabureta mpya mkononi kabla hajaifungua hata plagi. Huwa naumia nikiona hivyo, kwa sababu kabureta inayong'olewa mara nyingi ni nzima, na inayowekwa mahali pake haina jeti (vitundu vya kupimia petroli) za saizi ya injini ile.

Injini ya petroli inadai vitu vitatu: mafuta yaliyochanganyika na hewa kwa kadiri yake, kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), na cheche kwa wakati wake. Kama kiki inakusukuma mguu vizuri, kompresheni ipo, na ugonjwa uko kwenye mafuta au kwenye umeme. Hapo ndipo watu hupotea, maana hizi mbili huigana dalili. Pikipiki inayokohoa ukivuta mafuta inaweza kuwa na jeti iliyoziba, na inaweza vilevile kuwa na kofia ya plagi iliyopasuka. Usibadilishe kifaa chochote mpaka upime, na ukibadilisha, badilisha kimoja, ujaribu, ndipo uende kwa kingine.

Andaa spana ya plagi, bisibisi, mita ya umeme, chupa angavu, msasa laini, na plagi mpya ya namba iliyo kwenye kitabu cha pikipiki. Fanyia kazi nje, penye hewa, mbali na moto.

Hatua ya 1: Vitu vidogo

Angalia swichi ya kuzimia injini kwenye usukani, koki ya mafuta, na stendi ya pembeni kama ina swichi yake. Chomoa fyuzi uipime kwa mita, usiitazame tu kwa macho: fyuzi ya kioo inaweza kuonekana nzima huku uzi wake umekatikia ndani ya kifuniko cha chuma. Petroli iliyokaa miezi mingi hadi inanuka kama vanishi, imwage yote kabla hujaenda mbele.

Hatua ya 2: Iulize plagi

Weka choki (kinachobana hewa ili injini baridi iwake), piga kiki mara nane hadi kumi, halafu fungua plagi papo hapo. Usipige kiki, ukaenda kunywa maji, ndipo urudi kuifungua. Itakuwa imeshakauka na itakudanganya.

Plagi kavu kabisa: mafuta hayafiki, nenda hatua ya 4. Plagi iliyolowa petroli: mafuta yanafika lakini hayawaki, nenda hatua ya 3. Nyeusi yenye masizi makavu: mafuta yanazidi hewa, kwa hiyo tazama kama choki imekwama au chujio la hewa limejaa vumbi, lakini kumbuka kwamba cheche dhaifu nayo huacha masizi. Nyeupe iliyoungua: hewa inazidi, mara nyingi kwa sababu ya mpira uliopasuka kati ya kabureta na injini. Nyeusi yenye oili ni habari ya ringi au vali, na kabureta na waya hazihusiki.

Hatua ya 3: Cheche

Chomeka plagi kwenye kofia yake, gusisha mwili wake wa chuma kwenye chuma kisicho na rangi cha injini, mbali na tundu la plagi, kisha piga kiki. Hakikisha hakuna petroli iliyomwagika karibu. Na usipige kiki kabisa huku kofia ikining'inia bila plagi: umeme mkubwa ukikosa njia ya kutokea hutoboa koili (inayokuza umeme wa cheche) kwa ndani, wakati mwingine hata CDI (kisanduku cha elektroniki kinachoamua cheche itoke lini).

Cheche nzuri ni ya buluu, nene, inasikika ikipiga na inaonekana hata mchana. Ikiwa ya njano na nyembamba, haitoshi. Tena, cheche kuruka nje si ushahidi kamili, kwa sababu ndani ya silinda hewa imegandamizwa na kuiruka ni kazi kubwa zaidi. Ndiyo maana pikipiki inaweza kuonyesha cheche mkononi na bado ikakataa kuwaka. Weka ile plagi mpya, nafasi kati ya ncha zake milimita 0.6 hadi 0.7 kwa injini nyingi ndogo, ujaribu tena.

Cheche isipokuwepo, fungua kofia ya plagi kutoka kwenye waya na uipime. Kofia nyingi zenye kizuizi ndani husoma omu 5,000 hivi; mita isiposoma chochote, kofia imekufa. Tazama pia ncha ya waya wenyewe. Ikiwa imeota ukungu wa kijani, kata milimita tano, maadamu waya una urefu wa kutosha, na ukaze kofia upya.

Baada ya hapo shughulikia swichi. Kwenye pikipiki nyingi zenye CDI inayopata umeme moja kwa moja kutoka kwenye magineto (mtambo wa kuzalisha umeme ndani ya injini), swichi huzima injini kwa kuupeleka waya mmoja kwenye athi (mwili wa chuma wa pikipiki). Waya huo ukichubuka mahali popote, pikipiki "imezimwa" siku nzima. Uchomoe kwenye CDI na ujaribu cheche. Ikirudi, CDI yako ni nzima na ubovu uko kwenye waya au swichi. Kipimo hiki cha dakika mbili kimeokoa CDI nyingi zilizokuwa zinakwenda kutupwa.

Pikipiki za miaka ya 1960 na 1970 nyingi zina platini, yaani vidole vya chuma vinavyofunguka na kufunga ili cheche itoke, badala ya CDI. Zisafishe, uache nafasi ya milimita 0.3 hadi 0.4 zinapofunguka mwisho. Platini zikitoa cheche kubwa zenyewe na kuungua haraka, kondensa (kifaa kidogo kinachozuia cheche kwenye platini) ndiyo mbovu.

Hatua ya 4: Fuata njia ya petroli

Anzia juu, shuka chini. Chomoa mpira kwenye kabureta, uingize kwenye chupa, fungua koki. Petroli itoke kwa mkondo, isidondoke. Kama koki yako hufunguliwa na mvuto wa injini, iweke kwenye alama ya PRI (mafuta hupita bila mvuto) kwanza.

Acha itiririke dakika moja nzima. Ikianza vizuri kisha ikafifia, fungua kifuniko cha tangi. Mkondo ukirudi, tundu la pumzi la kifuniko limeziba. Usiporudi, chujio la koki ndani ya tangi limejaa kutu. Sasa iache chupa itulie: maji yatakaa chini kama matone yaliyojitenga, na kutu utaiona. Fungua pia skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, utazame kilichomo kwa namna hiyo hiyo.

Mafuta yakifika kwenye bakuli na bado plagi ni kavu, fungua bakuli. Jeti ndogo, ile ya mwendo wa chini, ndiyo huziba mwanzo kwa kuwa tundu lake ni jembamba sana. Dalili yake ni pikipiki kuwaka kwa choki tu na kufa ukiitoa, au kukimbia vizuri lakini kukataa kunguruma ukiachia mafuta. Ishike jeti kwenye mwanga: lazima uone duara safi. Usiichokoe kwa waya wa chuma. Jeti ni shaba laini, na tundu likipanuka hata kidogo pikipiki itakula mafuta kupita kiasi na hakuna marekebisho yatakayoirudisha. Tumia dawa ya kusafishia kabureta, hewa ya kompresa, na ikibidi uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme. Kabla ya kutoa skrubu ya kurekebishia hewa, ikaze taratibu hadi ifike mwisho huku ukihesabu mizunguko, uiandike.

Kabureta ikivuja, tikisa boya (linaloelea ndani ya bakuli na kufunga mafuta likijaa) karibu na sikio. Ikisikika petroli ndani, limetoboka na linazama. Kama ni zima, tazama ncha ya sindano yake. Ikiwa na mkwaruzo wa duara, haifungi tena.

Hatua ya 5: Inayozima ikishapata moto

Hii ndiyo kesi inayokula pesa za watu. Niliwahi kuletewa pikipiki iliyokuwa ikizima kila baada ya robo saa, ikipumzika inawaka. Ilikuwa imeshabadilishwa koili na CDI. Niliiendesha mpaka ikazima, nikafungua kifuniko cha tangi palepale, nikasikia tangi likivuta hewa kwa nguvu. Tangi lilikuwa limepakwa rangi upya, na rangi ile iliziba tundu la pumzi.

Basi ikizima njiani, usiisubiri ipoe. Ndani ya dakika moja fungua kifuniko usikilize, kisha jaribu cheche ingali moto, kisha fungua skrubu ya bakuli uone kama lina mafuta. Bakuli limejaa na cheche hakuna? Shuku koili, au kile kikoili kidogo kinachoipa CDI ishara. Nyuzi zake hutanuka kwa joto na kuachana, zikipoa zinagusana tena, ndiyo maana ukizipima asubuhi ni nzima. Unganisha mita kwenye koili, ipulizie joto kwa mashine ya kukaushia nywele, utazame. Namba ikiruka au kupotea, umemkamata mwizi.

Hatua ya 6: Betri na chaji

Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma 12.6. Chini ya 12.4 ichaji, na ikiwa chini ya 12 usiitumie kupimia chochote. Bonyeza stata: isishuke chini ya 10 hivi. Washa injini, vuta mafuta kiasi: usome kati ya 13.5 na 14.5. Ikipanda kupita 15, kidhibiti chaji kimeharibika na kitachemsha betri. Kwa pikipiki za volti 6, namba zote ni nusu.

Ikibaki 12, usikimbilie magineto. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye mwili wa injini, taa zikiwaka. Ukisoma zaidi ya 0.2, athi ni mbovu: fungua bolti yake, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza. Ndipo uchomoe soketi ya rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa magineto uwe wa kuchaji betri, mara nyingi kimeunganishwa na kidhibiti chaji). Plastiki iliyogeuka kahawia inaonyesha pini zimelegea na zinachemka. Mwisho pima nyaya zinazotoka kwenye magineto, mara nyingi tatu za njano, injini ikiwa imezimwa: kila jozi isome sawa na nyenzake, na hata mmoja usiwe na njia kwenda kwenye athi. Kama namba zimetofautiana, koili za magineto zimeungua na zinahitaji kusukwa upya. Zikiwa sawa, washa injini na upime kila jozi kwa volti za AC. Zote tatu zikipanda pamoja unapovuta mafuta, na soketi ni safi, ndipo ununue rektifaya. Usichomoe betri injini ikiwa inaunguruma, hata kwa sekunde moja, maana umeme utapanda ghafla na kuiunguza hiyo mpya.