Namna ya kuitafuta mashua ya ukoo iliyouzwa zamani

Wengi tuliokulia Pemba nyumbani kulikuwa na mashua, ya babu au ya ami, ile mnayopakiwa wote Idi pili na masufuria ya pilau mpaka Misali, halafu mwaka mmoja ikauzwa na hakuna anayekumbuka kauziwa nani. Kuipata inawezekana, ila usianze na jina wala rangi. Jina mnunuzi akitaka anabadilisha, rangi ndo usiseme, na siku hizi hata tanga linatolewa inatiwa mashine, kwahiyo ukienda kuuliza "jamani mnaijua Salama?" utaoneshwa Salama chungu nzima na yenu haimo.

Anza na wazee wa nyumbani, hasa kina bibi na mashangazi, maana wao ndo wanajua pesa ilifanyiwa nini, na ukijua hivo mwaka umeshaupata: harusi ya fulani, au msimu karafuu zilivyogoma. Hapo uliza nani aliiunda, nani alikuwa nahodha, na ilikuwa na kilema gani.

Kilema ndo kila kitu. Mataruma, zile mbavu za mashua, fundi anayakata kwenye mti uliopinda wenyewe, mwembe mara nyingi, kwahiyo huwezi kukuta mashua mbili zimefanana ndani hata kama fundi ni mmoja. Yetu ilikuwa na taruma moja karibu na tezi, kule nyuma, limejipinda kuliko wenziwe, limeota kifundo, watoto tukigombania kukaa hapo. Hiko hakifutiki kwa rangi.

Ukishapata hayo mtafute fundi, na kama ni marehemu basi wanawe, maana ufundi huu unarithiwa. Kama iliundwa Nungwi nenda Nungwi, fundi anaijua kazi yake kwa lilivyokaa gubeti tu, ile ncha ya mbele. Halafu bwana diko, msimamizi wa pale vyombo vinapofikia, huyo anajua nani kaingia na nani kauza. Ofisi za kusajili vyombo pia pita, ZMA (Mamlaka ya Usafiri Baharini) kwa huku Zanzibar na TASAC (Shirika la Wakala wa Meli) la bara kama ilivuka kwenda Tanga au Pangani, ila ZMA yenyewe ni ya sheria ya 2009, kwahiyo kama iliuzwa kabla ya hapo nenda na karatasi yoyote ya mauzo mliyonayo.

Siku ya kwenda dikoni chagua bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, mwezi mwandamo au mpevu. Maji yakitoka vyombo vinabaki juu ya mchanga, watu wanakwangua na kupaka shahamu, mkuku, ule mti wa chini kabisa, unauona wote, na mabaharia hawana pa kwenda mpaka maji yajae kwahiyo watakaa waongee na wewe.

Foto ya mashua yenu usiitoe mapema bwana! Ukiitoa kila mtu atakwambia ndo hiyohiyo. Mwache mzee aieleze mwenyewe kwanza, akikitaja kilema kabla yako, hapo sasa toa simu.

Ukiikuta bado inafanya kazi usikimbilie kusema ilikuwa yenu, mwenyewe atadhani umekuja kudai. Msalimie, omba upande, lipa nauli, mengine yatakuja.

Na ukiambiwa imeshavunjwa, uliza ilivunjwa wapi, kisha pita kwa maseremala wa hapo karibu, maana mbao za vyombo vikongwe siku hizi zinafanyiwa meza na vitanda vya mahoteli. Mtume mtu mwengine aulize bei, wakijua ni ya babu yako umeumia.