Fainali ya Snuka Malindi: Kutayarisha Meza, Ratiba na Mwamuzi

Meza za mashindano makubwa ya kulipwa, yale yanayohesabiwa kwenye viwango vya dunia, huwa na vipasha joto chini ya mabamba yake ya mawe. Mtazamaji wa televisheni havioni, ila ndivyo vinavyosaidia mpira mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo, kwenda mwisho wa meza na kurudi kwa pigo jepesi tu. Kitambaa cha snuka ni sufu, na sufu hunywa maji ya hewani. Malindi hewa ina maji mwaka mzima, na masika yakishika kitambaa kilichopigwa pasi asubuhi huwa kizito tena kufika jioni. Kwa hiyo kazi ya fainali ya klabu yenu inaanzia mezani. Droo na kombe vitafuata.

Kama tarehe iko mikononi mwenu, chezeni wakati wa kaskazi, Januari hadi mwanzo wa Machi, kabla mvua hazijaanza. Tazameni kwanza Ramadhani imeangukia wapi. Mei iacheni kabisa.

Chumba kiwe na urefu wa futi 22 na upana wa futi 16, la sivyo mchezaji atagonga ukuta kwa kitako cha fimbo. Meza yenyewe ni futi 12 kwa 6, na ikikamilika hupita uzito wa tani moja, kwa hiyo iwekwe chini, kwenye sakafu ya saruji iliyoshiba. Wenzetu wa Lamu walizingatie hili zaidi: dari la boriti za mikoko halikujengwa kwa mzigo huo, hata kama nyumba imesimama miaka mia mbili. Mabamba ni matano, kila moja hupita kilo 150, na kuyavusha kwa boti kutoka gati la Mokowe, upande wa bara, kisha kuyapitisha kwenye vichochoro ni kazi ya watu sita wenye subira. Bamba libebwe likiwa limesimama kwa ubavu wake. Likilazwa hukatika katikati.

Usawa wa meza hupimwa kwa pima maji, na iliyo fupi haitoshi. Tumieni ya urefu wa mita moja au zaidi. Pimeni kwa urefu, kwa upana, na juu ya kila kiungo cha mabamba. Kisha thibitisheni kwa mpira. Uweke mmoja karibu na kingo ndefu na uusukume polepole mno, kiasi cha kufia karibu na shimo la kati. Chuchumaa mwisho wa meza, macho yawe sawa na kitambaa. Mpira ukienda sawa mpaka nusu ya safari kisha, katika shibiri mbili za mwisho, ukaanza kuikimbia kingo au kuikumbatia, meza imeinama, na pigo la nguvu lisingelionyesha hilo kamwe. Rudieni pande zote nne. Meza ikiinama, rekebisheni miguu. Msikubali mtu aingize kadibodi chini ya kitambaa.

Halafu kitambaa. Sufu ina malaika, yaani vinyweleo laini, na malaika hulala kutoka upande wa kuanzia, ambako mchezo hufunguliwa, kuelekea upande wa nyeusi, ambako mpira mweusi huwekwa. Kila kitu hufuata njia hiyo hiyo. Brashi ipitishwe kwa mistari iliyonyooka, ikielekea upande wa nyeusi, bila kurudi nyuma na bila kuzunguka. Vumbi la chaki likusanyike mwisho wa meza, liondolewe kwa kitambaa safi. Baadaye pasi: ile nzito ya meza za snuka, kavu, isiyotoa mvuke. Joto lake lijaribiwe juu ya karatasi ya gazeti. Karatasi ikibadilika rangi, subirini ipoe. Ipitishwe kwa mwendo mmoja usiosimama, kwa maana ikitulia sekunde chache mahali pamoja huacha alama ambayo haitoki. Mkipiga pasi kabla ya brashi mnachoma vumbi ndani ya sufu, na meza hiyo itakuwa nzito mpaka siku ya kubadilishwa kitambaa.

Kujua kama kazi imefaa, mpeni mchezaji mmoja mwenye mkono thabiti apige mpira mweupe kwa nguvu ileile mara tano, kutoka mstari wa kuanzia hadi kingo ya mbali na kurudi, mhesabu mpira umevuka urefu wa meza mara ngapi. Andikeni. Rudieni jioni. Asubuhi ikiwa mara nne na nusu na jioni mara tatu, unyevu umeingia.

Mlango wa upande wa bahari ufungwe kuanzia siku tatu kabla. Upepo unaoburudisha watazamaji huleta chumvi na mchanga mwembamba unaokwaruza mipira. Pangaboi hukausha jasho la mtu, lakini unyevu wa hewa linauacha palepale. Kiyoyozi kinaupunguza, kwa sharti kiwashwe siku moja kabla na kisizimwe usiku. Kukiwasha saa moja kabla ya mchezo ni hasara: chumba kinapoa, sufu bado imeshiba maji. Wengine hupata wazo la kuweka jiko la makaa chini ya meza. Msithubutu. Moshi wake huua watu ndani ya chumba kilichofungwa, na mbao za meza hupinda. Usiku funikeni meza kwa shuka nzito ya pamba. Nailoni hufungia jasho ndani.

Meza ikiwa tayari, pangeni ratiba kwa hesabu. Kwenye mashindano ya kulipwa, orodha ya viwango hupangwa kwa fedha ambazo mchezaji ameshinda katika miaka miwili iliyopita, na wa juu hutenganishwa kwenye droo ili nambari 1 na nambari 2 wasiweze kukutana kabla ya fainali. Chukueni wazo hilo bila fedha: pointi kwa kila raundi aliyofika mtu katika mashindano yenu ya mwaka uliopita. Wanne wa juu wawekwe kila mmoja robo yake, waliobaki wachotwe kwenye bakuli mbele ya watu. Bila utaratibu huo, mahodari wawili hukutana Jumamosi ya kwanza na fainali inakosa ladha.

Kwa meza moja, wachezaji 16 wanatosha. Fremu, yaani mchezo mmoja tangu mipira kupangwa hadi kuisha, ihesabuni dakika 30 kwa wachezaji wa klabu. Raundi ya kwanza ni mechi nane, wa kwanza kufikisha fremu 2. Kila mechi inaweza kula saa moja na nusu, kwa hiyo nne Jumamosi, nne Jumapili. Wikendi ya pili ni robo fainali, wa kwanza kufikisha 3. Wikendi ya tatu nusu fainali mbili Jumamosi, wa kwanza kufikisha 4, na fainali Jumapili, wa kwanza kufikisha 5. Kuongeza wachezaji hadi 32 kwenye meza hiyo moja kunaleta mechi 31, na mtamaliza mkicheza saa nane za usiku.

Fainali igawanywe vipindi viwili. Fainali ya ubingwa wa dunia, inayochezwa ukumbi wa Crucible mjini Sheffield tangu 1977, ni ya fremu 35: wa kwanza kufikisha 18, vipindi vinne, siku mbili. Ya UK Championship, mashindano mengine makubwa ya Uingereza, ni ya fremu 19 kwa vipindi viwili. Ninyi yenu ni ya fremu 9, basi chezeni nne mchana na zilizobaki usiku. Anzeni saa nane baada ya adhuhuri, pumzikeni baada ya fremu mbili ili watu waswali alasiri, malizieni mbili nyingine. Kipindi cha pili kianze saa mbili, baada ya isha. Katikati hapo brashi na pasi zipite tena, na mipira ifutwe.

Fremu ya mwisho msiipangie dakika 30. Mwaka 1985 Dennis Taylor alimshinda Steve Davis 18-17 kwenye fainali ya dunia kwa mpira mweusi wa mwisho, na fremu hiyo peke yake ilichukua dakika 68, usiku wa manane ukiwa umepita. Mwenye ukumbi akubali mapema kwamba hatafunga mlango kwa saa. Jenereta ijazwe mafuta mchana. Stima ikipotea katikati ya pigo, mwamuzi husimama palepale penye meza, hakuna anayesogea mpaka taa zirudi.

Mwamuzi apewe karatasi ya alama, sarafu, glavu nyeupe na msaidizi mmoja. Anayeshinda kura ya sarafu huchagua nani afungue, kisha wanapokezana fremu kwa fremu. Makosa mawili huharibu fainali za klabu. La kwanza ni mpira wa rangi kurudishwa pasipo pake. Doa lake, yaani alama yake juu ya kitambaa, likiwa limekaliwa, huwekwa kwenye doa la thamani kubwa zaidi lililo wazi. Yote yakiwa yamekaliwa, huwekwa karibu iwezekanavyo na doa lake, kuelekea kingo ya upande wa nyeusi.

La pili ni zito zaidi: mchezaji aliyefungiwa njia na mpira mwingine akakosa kugusa mpira anaopaswa, mwamuzi akaona hakujitahidi vya kutosha, na mpinzani akaomba mipira irudishwe ilipokuwa, kisha ikarudishwa kwa kukisia. Wenye kulipwa wana kamera na picha ya kulinganisha. Ninyi fungeni simu moja juu ya nguzo, isisogezwe siku nzima, na msaidizi apige picha kila mchezaji anapofungiwa njia. Picha iliyopigwa kwa mkono haifai, kwani pembe ikibadilika kidogo mpira husogea upana wake mzima. Tangazeni pia mapema kwamba anayeiona njia iliyo wazi kabisa akakosa mara tatu mfululizo hupoteza fremu, na mwamuzi amwonye baada ya ya pili.

Mavazi yawe ya heshima, shati lenye kola linatosha kwa joto hili. Anayependa kanzu akunje mikono, kwa kuwa nguo ikigusa mpira wowote ni faulo, alama 4 au zaidi kwa mpinzani, hadi 7 ikiwa ni nyeusi. Kubeti kukatazwe kwa wachezaji wote, waziwazi na kwa maandishi. Mwaka 2023 wachezaji kumi wa China waliadhibiwa kwa kashfa ya kupanga matokeo, wawili wakafungiwa maisha.

Alama zikilingana baada ya nyeusi ya mwisho, nyeusi hurudi kwenye doa lake na sarafu hurushwa upya. Aliyeshinda kura huamua nani atangulie. Mpira mweupe huchezwa kutoka ndani ya D, ile nusu duara kwenye mstari wa kuanzia, na kuanzia hapo atakayeingiza nyeusi amechukua fremu, atakayefanya faulo ameipoteza. Mwamuzi alisome hili kwa sauti kabla ya kurusha sarafu, wote wawili wakiwa wamesimama.